Dadu Halina Kumbukumbu

Wanafunzi wengi hudhani kwamba dadu likirushwa mara 6, sita haina budi kutokea, kwani 1/6 mara 6 ni 1. Sivyo. Uwezekano wa kuikosa katika kila mrusho ni 5/6. Kuikosa mirusho yote 6 ni 5/6 kwa kipeo cha 6, yaani takriban 0.335. Basi uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni 0.665 tu.

Kosa hili huwafikia hata wazazi wawili wabebao jeni ya selimundu. Kila mtoto wao ana uwezekano wa 1/4 wa kuugua. Wakishapata mgonjwa mmoja, hudhani watatu wafuatao wamesalimika. La hasha! Kila mimba ni mrusho mpya. Walimu, tulifundishe somo hili kwa dadu mkononi, si kwa kanuni za kukariri.