Dereva analipwa kwa tripu, grisi ya beringi za tela anapaka nani?

Mpunga umeanza kugeuka rangi, na simu ninazopokea siku hizi ni za mashine ya kuvuna, maturubai na bei. Tela hakuna anayeiulizia. Simu za tela zinaanza Juni, na karibu zote zinafanana: "Bwana shamba, tumekwama huku njia ya Mbingu, gurudumu limelala, una fundi unayemjua?" Ukiuliza habu ilifunguliwa lini mara ya mwisho, kimya.

Wengi watakwambia ni barabara. Barabara zetu nazijua na sizitetei. Lakini maoni yangu ni kwamba beringi za tela katika bonde hili zinauawa zaidi na namna tunavyolipana. Dereva analipwa kwa tripu. Akisimama nusu siku kufungua magurudumu, hiyo nusu siku ni njaa yake. Wewe mwenye tela uko mjini unahesabu tripu kwenye simu. Anayeisikia beringi ikilia siye anayeinunua, na anayeinunua hayupo pale inapolia. Kwa mpango huo hakuna grisi itakayopakwa, hata ukinunua ndoo nzima.

Angalia trekta lenyewe. Lina mita ya saa, lina kitabu, na dereva anajua oili inabadilishwa baada ya saa ngapi. Tela haina mita wala kitabu. Nyingi zimechomelewa mtaani kwa ekseli ya gari la zamani, na hakuna anayekumbuka ni gari gani. Halafu hiyo ndiyo tunaipakia gunia 40 za kilo 100. Hizo ni tani 4. Kwa tela ya magurudumu mawili, ukiacha uzito kidogo unaoegemea kwenye trekta, kila upande unabeba karibu tani 2. Bado uzito wa tela yenyewe, bado lumbesa, bado vibarua watano waliokaa juu ya mzigo kurudi nyumbani. Wote hao wamekalia vyuma vinavyoenea kiganjani. Gurudumu likichomoka usiku barabarani, linaweza kumkuta wa bodaboda anayekuja mbele. Kwa hiyo tusiliongelee kama suala la spea peke yake.

Ndani ya habu kwa kawaida kuna beringi mbili zenye roli zilizolala mshazari, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Nyuma ya ile kubwa kuna sili ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Sasa hapa ndipo shida ya Kilombero ilipo, maana sisi tunavuna na kusomba wakati maji bado yapo njiani. Tela inatoka shambani imejaa, habu zimeshapata joto, mara inaingia kwenye kijito kilichokata njia. Habu ikipoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, na ikisinyaa inavuta. Inavuta maji pamoja na ule udongo mweusi laini, kupitia mdomo wa sili iliyochoka. Siku hiyo huoni kitu. Grisi inageuka rangi kama chai ya maziwa, tela ikilala usiku kutu inashika kwenye roli, na wiki mbili tatu baadaye beringi inakufa sehemu kavu kabisa. Wewe unalaumu shimo ulilopita asubuhi.

Kuna kijana aliniambia tela ya mzee wake ilidumu miaka mingi bila kufunguliwa. Inawezekana. Mzee alikuwa anasomba mpunga wake, tripu chache, kisha tela inalala chini ya mwembe hadi mwaka unaofuata. Wewe una mkopo, unasomba wa kwako na wa nusu ya kijiji, mchana na usiku. Na zamani tela ikitoka Lupiro ilisimama kusubiri pantoni kwenye mto Kilombero. Tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe 2018 inapita moja kwa moja. Daraja limetusaidia sana, ila habu nazo zimekosa mahali pa kupumzika. Wenye pawatila nao wasijitoe. Zilipomwagika vijijini wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, kazi iliyofikiriwa ilikuwa kulima, lakini nyingi zimegeuka kuwa za kubeba mizigo, na vitela vyake vina beringi ndogo zaidi.

Wengine wananijibu, "Yangu ina nipeli, napiga grisi kila wiki." Nipeli ni nzuri, lakini kwenye habu nyingi grisi ya nipeli inajaza kwanza uwazi ulio katikati, na haifiki vizuri kwenye roli. Ukizidisha nguvu ya pampu unaisukuma sili itoke mahali pake, na hapo umeyafungulia maji mlango. Tena nipeli haikuonyeshi hali ya beringi. Lazima ufungue uone.

Kazi yenyewe si ngumu. Tafuta ardhi ngumu, zuia magurudumu mengine kwa mawe, weka ubao chini ya jeki, na ukishainua egemeza ekseli kwenye gogo au stendi. Jeki peke yake usiiamini. Toa beringi, zioshe kwa dizeli au mafuta ya taa, petroli hapana. Zikaushe kwa kitambaa safi. Ule mchezo wa mafundi wa kupuliza beringi kwa upepo wa kompresa mpaka inazunguka na kupiga mluzi ukomeshe, inazunguka kavu na inajikwaruza. Kisha angalia juani. Roli yenye rangi ya bluu imeungua. Yenye vidoa vilivyoliwa, au kikombe chenye mistari inayokwaruza kucha, haina maisha. Badilisha roli na kikombe kwa pamoja, usioanishe kipya na cha zamani. Dukani nenda na beringi ya zamani mkononi, namba imechongwa pembeni. Kwa ekseli zetu za kuokoteza, kusema "nipe ya tela" ni kununua bahati.

Grisi nunua ya lithiamu ya beringi za magurudumu, iliyofungwa kwenye kopo lake. Ile ya kupimiwa kwenye kifuko inakuja na mchanga wake. Usichanganye na ya zamani ya aina nyingine, maana zingine zikikutana zinakuwa uji na kumwagika. Weka grisi kiganjani, sukuma kwa upande mpana wa beringi mpaka itokee upande wa pili, zunguka hivyo hadi mwisho. Habu usiishindilie ikajaa yote, ikipata joto inahitaji nafasi. Sili iwe mpya kila ukifungua. Nati kaza huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito, halafu irudishe kidogo hadi tundu la pini lililo karibu, gurudumu lizunguke huru bila kuchezacheza. Na pini iwe pini. Nimeshaona misumari humo.

Nirudi kwenye hela. Pendekezo langu ni kwamba habu zifunguliwe kabla ya msimu, zifunguliwe tena mavuno yakiisha ili tela isilale na maji ndani, na katikati ya msimu, maji yakizidi kimo cha habu, zifunguliwe ndani ya wiki hiyo. Kila siku ya kufungua habu dereva alipwe kama amepiga tripu, na uwepo mwenyewe uone grisi iliyotoka ina rangi gani. Ukiona hiyo ni gharama, piga hesabu ya trekta limesimama siku tatu Juni huku wateja wako wanaita tela ya jirani. Nawe unayekodi tela, kabla ya kupakia uliza habu zilifunguliwa lini. Mpunga ni wako.

Njiani dereva asimame baada ya kilomita kumi hivi, asogeze nyuma ya kiganja kwenye kila habu. Uvuguvugu unaolingana pande zote ni kawaida. Upande mmoja ukiunguza na mwingine una vuguvugu tu, mzigo ushushwe hapo hapo, hata kama Ifakara anaiona kwa macho.