Mashujaa Wanaojuta Huku Wanakula

Zinapotajwa hadithi za mazombi katika vitabu vya katuni, wengi wetu tuliokwisha kuwa wazazi huwa tumetoa hukumu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Husema kuwa huo ni upuuzi wa Marekani, damu na nyama mbichi, na wala hauna la kumfunza mtu. Vijana nao hujibu kwamba ni mzaha tu, kwa hiyo tusiwasumbue. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeipita hadithi pasi na kuisoma. Hadithi ninayoikusudia ni Marvel Zombies, ambayo toleo lake la kwanza kati ya matano lilitoka mwishoni mwa mwaka 2005.

Mwandishi wake ni Robert Kirkman, yule yule aliyeanzisha The Walking Dead mwaka 2003, na mchoraji ni Sean Phillips. Jalada la toleo hilo la kwanza lilichorwa na Arthur Suydam kwa kuliigiza lile la mwaka 1962 lililomtambulisha Spider-Man kwa wasomaji. Mkao ni ule ule na mavazi ni yale yale, ila shujaa ameoza. Anayelifahamu jalada la zamani hucheka kwanza, kisha hutahayari kwa kucheka kwake.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa tukumbuke zombi alikotoka. Wataalamu wengi wa lugha hulinasibisha neno lenyewe na lugha za Kongo, nalo lilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani Haiti. Huko zombi hakuwa mla watu. Alikuwa maiti aliyefufuliwa ili atumikishwe mashambani na mwingine. Kitisho chake kilikuwa hicho, kwamba hata kifo kisimwokoe mtumwa na bwana wake. Ni filamu ya George Romero ya mwaka 1968 iliyomgeuza yule aliyeliwa jasho lake akawa mla nyama za wenzake. Hata hivyo zombi wa Romero hana akili wala ulimi, na kwa hiyo halaumiki, kama vile moto usivyolaumiwa kwa kuunguza.

Kirkman alifanya jambo moja lililobadili kila kitu: aliwarudishia akili. Katika hadithi yake, maradhi yamewaingia mashujaa wa dunia, wale waliozoeleka kuwa waokozi, nao wamekwisha kuwala karibu watu wote. Toleo la kwanza linaanza wakimwinda Magneto, aliyekuwa adui yao, ambaye sasa ndiye amebaki kuwatetea wachache waliosalia. Wanamzidi nguvu na wanamla. Njaa inapotulia kidogo, fahamu zinawarejea na mazungumzo yanaanza. Spider-Man anawakumbuka mkewe na shangazi yake, ambao amewala yeye mwenyewe, na anasikitika kwa dhati. Kisha njaa inarudi, naye anainuka pamoja na wenzake kwenda kutafuta mwingine wa kula.

Hebu tulitazame hilo vizuri. Huzuni yake si ya unafiki, na machungu yake ni ya kweli. Lakini hayampunguzii hata tonge moja.

Wa pili wa kutazamwa ni Hank Pym, mwanasayansi wa kundi hilo. Huyu hajuti, huyu anazo hoja. Amemficha Black Panther katika maabara yake akiwa hai, na anamkata kiungo baada ya kiungo. Udhuru wake ni kwamba lazima ale kidogo kidogo ili akili yake ibaki timamu, apate kuutafiti huo ugonjwa. Kwa maneno mengine, anamla mwenziwe kwa manufaa ya umma, na wenzake wenye njaa hata hawaambii. Ukurasa huo unachekesha kwa sababu hoja yenyewe si ngeni masikioni mwetu. Mvuvi wa baruti anajua kuwa anaua mazalia ya samaki wa kesho, na atakueleza kwa ufasaha kwa nini leo hana budi. Mla rushwa huwahurumia maskini kwa maneno matamu, kisha hufungua mtoto wa meza.

Wapo watakaosema kuwa dawa ni kupiga marufuku. Wamarekani walijaribu. Mwaka 1954, baada ya Baraza la Seneti kuchunguza katuni za kutisha, wachapishaji walijiwekea kanuni zilizokataza hata kuwachora maiti wanaotembea. Miaka ya 1970 Marvel wenyewe wakawaita maiti hao "zuvembi", jina likabadilika na maiti wakaendelea kutembea. Mwaka 2001 kampuni hiyo ikajitoa kabisa katika kanuni hizo. Na mwaka 2025 Marvel Zombies ikatolewa kuwa filamu ya katuni yenye sehemu 4, ambayo kijana anaweza kuitazama katika simu yake. Basi marufuku isiyoambatana na mazungumzo haifiki mbali.

Sisemi kwamba apewe mtoto mdogo. Picha zake ni za kuogofya, na kucheka mbele ya mwili uliochanwa si jambo la kuzoezwa nafsi changa. Hapo wazazi wana haki kamili. Lakini kijana aliyekwisha kuisoma hafai kukemewa tu na kuachwa. Aulizwe: nani katika hadithi hii alipona?

Jibu lake ndilo kiini cha maoni yangu. Wale walioendelea kula hawakushiba. Walimla hata Galactus, mla sayari, wakarithi nguvu zake na kwenda kuzila dunia nyingine. Aliyepona ni Janet, mke wa Pym, aliyebakia kichwa kitupu kisichoweza kuwinda, na kilichochukuliwa mbali na wenziwe. Alikaa muda mrefu bila kula, na njaa ile ikamtoka. Mwanzoni kila mmoja aliamini kuwa asipokula atateketea kwa njaa, kumbe kule kula ndiko kulikoilisha njaa yenyewe.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hadithi hii inaongeza kwamba mjukuu huyo anaweza kuzaliwa, akalia, akabembelezwa, na babu yake asiache alichokuwa akikifanya. Kwa hiyo tusijipime kwa wingi wa masikitiko yetu baada ya kula cha mtu. Tujipime kwa siku ngapi zimepita tangu tulipokiacha.