Herufi za Ukutani Hazitoshi

Upasuaji wa macho kwa leza umewaondolea miwani mamilioni ya watu wasioona vyema vitu vya mbali, nasi hatuna sababu ya kuubeza. Lakini tangu Marekani ilipouidhinisha mwaka 1995, sifa zake zimeegemea mno kipimo kimoja: mgonjwa huketishwa mbele ya ubao wa herufi, na akiusoma mstari wa chini hutangazwa kuwa amepona. Sisi twasema kipimo hicho hakitoshi.

Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, una unene wa nusu milimita hivi, nao hufanya takribani theluthi mbili ya kazi ya kupinda miale ya nuru. Kwa asili umebinuka zaidi katikati kuliko pembeni. Leza hutibu mayopia kwa kuipunguza sehemu hiyo ya katikati, na mayopia ikiwa kubwa, umbo hugeuka: katikati huwa bapa kuliko pembeni. Mchana mboni ni ndogo, na mtu huona barabara. Usiku hupanuka, nuru ipitayo pembeni hukutana mahali pengine, na taa za gari lijalo huonekana zimezungukwa na duara la ukungu. Mashine za siku hizi zimeipunguza sana kasoro hii, hazijaimaliza. Dereva wa namna hiyo amefaulu mtihani wa herufi. Je, abiria wake?

Liko zito zaidi. Baadhi ya watu, wengi wao vijana, wana konea iliyoanza kuchongoka kama pia bila wao kujua. Leza huondoa mikroni 12 hadi 15 hivi kwa kila diopta moja ya mayopia. Konea dhaifu ikipunguzwa kiasi hicho huweza kufutuka miezi au hata miaka baadaye, na uoni ukaharibika kuliko mwanzo. Daktari Theo Seiler na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1998, kwa hiyo hakuna kliniki iwezayo kudai kwamba haikuonywa.

Twadai, basi, kwamba ramani ya konea ichorwe kabla fedha ya upasuaji haijapokelewa, na mgonjwa aonyeshwe. (Avaaye lenzi za kubandika azivue siku kadhaa kabla, kwani hulipotosha umbo.) Na daktari anayemrudisha kijana nyumbani na miwani yake alipwe kwa uchunguzi huo malipo ya haki, asije akaona kwamba riziki yake imo katika kupasua tu.