Nambari ya Kaunti Si Indeksi, Wasee

Nasema tena: msee anayeandika TypeScript halafu anaacha kila ufunguo uwe `number` tu, anajidanganya. Amenunua mlango wa chuma, akaacha funguo kwa kufuli.

Chukua kaunti zetu 47. Katiba ya 2010 inaziorodhesha kuanzia 1, Mombasa, hadi 47, Nairobi. Sisi watu wa Matuu tuko Machakos, nambari 16. Sasa weka majina hayo kwa orodha, uite `kaunti[16]`. Unapata nini? Makueni! Orodha inaanza kuhesabu na 0, kwa hivyo Machakos imekaa kwa 15. Jaribu `kaunti[47]`. Nairobi nzima imepotea, unapewa `undefined`. Na kompaila je? Kimya. Bado inaapa kwamba hiyo ni `string`.

Hapo ndipo nakasirika. Kuna wale watakuambia, "Si utoe tu moja?" Sawa, toa leo. Kesho mwenzako atasahau, ama atatoa mara ya pili. Na fomu ya basari haitapiga kelele. Itamwandika tu kijana wa Matuu kuwa mtu wa Makueni, kisha jina lake likose kwa listi ya kwao. Afadhali programu ianguke mbele yako kuliko idanganye watu ikiwa imetulia.

Hiyo 16 si nafasi kwa foleni, ni jina. Basi ipe aina yake: `type NambariKaunti = 1 | 2 | 3`, endelea hivyo hadi 47, halafu tumia `Record<NambariKaunti, string>` badala ya orodha. Ukiwa umewasha `strict`, ukiandika 0 ama 48 unakataliwa papo hapo. Kwa orodha za kawaida, washa pia `noUncheckedIndexedAccess`, ikulazimishe kuuliza kama kuna kitu kabla ya kukishika. Ipo tangu toleo la 4.1, mwaka wa 2020, lakini `strict` peke yake haiiwashi. Na data ikitoka nje, ikague mlangoni, maana aina zote hufutwa kodi ikigeuzwa JavaScript.

"Lakini kuandika 47 ni kazi mingi." Kweli, bana? Dakika tano?

Ukipanda matatu Thika, humwambii makanga "nashuka stage." Unamwambia "Matuu." Nyamaza tu, uone kama hutajipata Mwingi.