Zabibu za kiangazi Dodoma zisilipwe kwa kilo tu

Mkulima wa zabibu wa Dodoma ana bahati ambayo mwenzake wa Ufaransa hana. Anavuna mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, na tena Agosti hadi Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea. Lakini bahati hiyo haitamtoa kwenye umaskini iwapo zabibu za misimu hiyo miwili, ambazo si sawa hata kidogo, zitapimwa kwa mzani na kulipwa kwa kilo basi.

Anayenunua mvinyo mwekundu wa bei kubwa hulipia mambo mawili: mahali zabibu zilipoota na hali ya hewa ziliyoivia. Bordeaux, Ufaransa, ni mfano mzuri. Upande wa kushoto wa Gironde udongo ni wa changarawe, unapitisha maji upesi na kutunza joto, hivyo Cabernet Sauvignon inayochelewa kuiva hupata nafasi ya kukomaa. Upande wa kulia, penye mfinyanzi mwingi wenye ubaridi, Merlot inayowahi kuiva ndiyo hutawala.

Shamba halihami, lakini miaka hutofautiana. Mvua ikinyesha sana Septemba, mavuno yakikaribia, mvinyo huwa mwepesi. Mwaka ukiwa mkavu wenye jua la kutosha, kama ilivyokuwa 2005 na 2010, wanunuzi hugombania chupa. Ndiyo maana mwaka wa mavuno huandikwa kwenye lebo.

Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wa Dodoma haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Maana yake ni kwamba, wakati Mfaransa anaomba Mungu mvua isinyeshe, mkulima wa Dodoma anaweza kupanga zabibu zake ziive lini.

Na Dodoma pana kila sababu ya kupanga hivyo. Mji uko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari na mvua zake hazizidi sana milimeta 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Juni na Julai mchana huwa na jua kali, lakini usiku joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi. Jua la mchana hujenga sukari na rangi. Ubaridi wa usiku huzuia ukali wa zabibu usipotee. Hivyo ndivyo mvinyo mwekundu mzuri unavyotaka.

Zabibu za wakati wa mvua hukutana na kinyume chake. Tunda hunywa maji na kuvimba, ganda hupasuka, ukungu huingia, na mkulima huvuna haraka kabla halijaoza, sukari ikiwa bado chini.

Hapo ndipo hesabu ya kilo inapomuumiza mkulima. Gramu 17 hivi za sukari katika lita ya juisi hutoa asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye sukari asilimia 23 hutoa mvinyo wa kilevi cha asilimia 13 hivi, lakini yenye asilimia 16 haifiki hata 10. Katika kila kilo 100 za juisi, mkulima mmoja amepeleka kilo 23 za sukari na mwingine 16. Mzani hauoni tofauti hiyo. Tena zabibu iliyovimba kwa mvua ni nzito zaidi, kwa hiyo bei ya kilo peke yake humlipa mtu kwa maji.

Wabrazili wameshaonyesha njia. Katika jimbo la Minas Gerais, zabibu zilikuwa zikiivia kwenye mvua za kiangazi chao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walianza kupogoa mara mbili ili Syrah iive Julai na Agosti, wakati wa ukavu na usiku wa baridi. Leo eneo hilo lililosifika kwa kahawa linatoa mvinyo mwekundu unaoheshimika. Syrah inaota Dodoma pia, pamoja na Makutupora nyekundu.

Wapo watakaosema kuwa zabibu za kiangazi zinahitaji kumwagiliwa, na kisima na pampu ni gharama. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kutaka bei tofauti. Nani atanunua mafuta ya pampu miezi minne ili alipwe sawa na aliyemwagiliwa na Mungu?

Wengine watasema kipimo cha sukari kitakuwa mlango mwingine wa kumwibia mkulima, kama mizani ilivyotumika katika mazao mengine. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kipima sukari ni kifaa cha mkononi: tone la juisi huwekwa kwenye kioo, mtu akatazama kwenye mwanga na kusoma namba. Chama cha ushirika kikiwa na chake, na kipimo kikafanyika mbele ya mkulima, mnunuzi hatakuwa na pa kujificha.

Sukari si kila kitu. Rangi, ukali na afya ya tunda navyo vina uzito. Ila pa kuanzia ni hapo: bei ya chini kwa kilo, na nyongeza kwa kila kiwango cha sukari kinachopanda. Zabibu za Machi zisitupwe. Zitafutiwe soko la juisi, la kula na la mvinyo wa kawaida, kwani ndizo zinazompa mkulima fedha za kuendeshea msimu wa pili.

Wasindikaji wadogo wanaouza mchuzi wa zabibu nao wana wajibu. Kuchanganya mchuzi wa Machi na wa Septemba katika pipa moja ni kuufukia uzuri wa mmoja ndani ya udhaifu wa mwingine. Watenganishe mapipa, waandike kijiji na mwezi wa mavuno.

Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Lakini kwanza lazima mnunuzi aweze kukitambua, na aliyekilima alipwe kwa kukilima.