Kijana anataka kupoza kompyuta kwa maji, mzazi uangalie nini?

Jumapili jioni shangazi yangu wa Gwarama, kule Kakonko mkoani Kigoma, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za maharage ambayo safari hii yamekubali, akafika kwenye lililomsumbua.

"Mwanangu, wewe si unaandika mambo ya afya? Hebu niambie, kompyuta inatiwaje maji na umeme umo humo humo?"

Binamu yangu amemaliza kidato cha sita. Wakati anasubiri chuo, anahariri video za harusi na sendofu, na wateja wanamtoka hadi Kibondo mjini. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba. Kila akiiachia kazi nzito usiku, feni inanguruma kama mashine ya kusaga, kisha kompyuta inajizima yenyewe. Harusi ya mtu inaishia katikati. Ametunza shilingi 400,000 na anataka kununua mfumo wa kupoza kwa maji.

Mpaka hapo sikuona tatizo. Ila shangazi akaongeza kwamba kijana amepata njia ya bei nafuu: pampu ndogo, mipira, rejeta ya pikipiki na kulanti ya gereji. Kulanti tayari ameshaleta, iko mezani kwenye chupa ya soda. Ya kijani.

Ndani ya nyumba hiyo yumo mjukuu wa miaka mitatu. Hapo ndipo nilipokaa wima.

Nianze na hiyo chupa, mengine yatafuata. Kulanti nyingi za magari zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli. Ni kimiminika chenye ladha tamu, na rangi yake ya kijani, ya waridi au ya bluu inafanana na juisi. Mtoto akionja hatatema. Kwa mtoto wa umri ule, vijiko vichache vya chakula vya kulanti isiyochanganywa na maji vinaweza kumuua.

Ubaya wake ni kwamba haishtui mapema. Katika saa za mwanzo mtoto huonekana kama mlevi: anayumba, anatapika, anasinzia. Mzazi anaweza kudhani ni malaria au usingizi tu. Wakati huo ini linaivunja ile glaikoli kuwa asidi, moyo na mapafu vinaanza kuelemewa, na kati ya siku ya kwanza na ya tatu fuwele zinakuwa zimeziba figo. Dawa za kuizuia zipo hospitalini, lakini zinasaidia zaidi mgonjwa akifikishwa mapema, kabla sumu haijatengenezwa kwa wingi.

Kwa hiyo ukishuku tu kwamba mtoto amekunywa, usisubiri dalili. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala gongo kwa kudhani unaua sumu. Mfute mdomo, mbebe, beba na chupa yenyewe ili mganga aone ni kitu gani, nenda kituo cha afya kilicho karibu na uwaambie mapema ili waandae rufaa. Na kimiminika chochote cha gereji kibaki kwenye galoni lake lenye maandishi, juu, mahali penye kufuli. Chupa ya soda haifai hata kwa saa moja.

Nilimwomba shangazi aitoe chupa ile mezani kabla hatujaendelea na mazungumzo. Alienda, nikasikia kofuli, akarudi.

Sasa kompyuta yenyewe. Nilimweleza hivi: kinachopata moto zaidi ni prosesa, kipande kidogo kinacholingana na kiberiti, ndani ya lile boksi ambalo mtaani tunaliita "CPU". Kwa kawaida juu yake kuna chuma chenye mapezi na feni inayopuliza. Mfumo wa maji unafanya kama gari: sahani ya shaba inakaa juu ya prosesa, pampu ndogo inazungusha kimiminika kwenye mipira, kinabeba joto hadi kwenye rejeta, na feni za rejeta zinalitoa nje.

Angalia hapo mwisho. Feni bado zipo. Joto halimezwi na maji, linahamishwa tu, na mwisho wake linatolewa na hewa ya chumbani. Hakuna mfumo wa maji wa aina hii unaoweza kuifanya prosesa iwe baridi kuliko chumba ilichomo. Kwa maana hiyo Gwarama mna bahati. Milimani usiku kuna ubaridi ambao watu wa Kigoma mjini, kando ya ziwa, wangeulipia. Ukifungua dirisha la chumba cha kompyuta saa tatu usiku, umeshapoza bure.

Adui wa kweli huko ni vumbi. Kiangazi kikikolea, ile ardhi nyekundu inaingia kila mahali, na mapezi ya chuma yakishikwa na vumbi lililochanganyika na moshi wa jikoni yanakuwa kama blanketi. Rejeta ya maji nayo ina mapezi. Itaziba vilevile.

Ndiyo maana nilimwambia binamu, ambaye sasa alikuwa amenyang'anya simu, kwamba asinunue chochote kwanza. Aweke programu ya bure ya kupima joto kama HWMonitor au Core Temp. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100, na zikizidi hapo kompyuta hujizima ili isiungue. Kisha azime, achomoe waya ukutani, abebe boksi nje, afunge kitambaa puani na kusafisha kwa brashi laini ya rangi. Kama fundi simu ana blowa ya upepo, aiazime, lakini azuie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa kasi. Asipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Asifungue pawa saplai, inaweza kukaa na umeme hata ikiwa imechomolewa. Mwisho abadilishe ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na chuma chake. Kwenye kompyuta ya mtumba mara nyingi imekauka kama udongo.

"Na nikishafanya yote hayo bado ikawa moto?" akaniuliza.

Swali zuri. Chaguo la kwanza kwangu bado si maji. Ni kupoza kwa hewa kwa chuma kirefu chenye mabomba ya shaba na feni kubwa. Kinachoharibika pale ni feni tu, na feni fundi yeyote anaweza kupata. Kinanyamaza kuliko feni ndogo ya mwanzo, jambo la maana kwa sababu mdogo wake analala chumba hicho hicho na usingizi wa mtoto wa darasa la nne si wa kuchezea. Mifumo midogo ya maji, yenye rejeta ya milimita 120, mara nyingi haikizidi chuma cha namna hiyo, na bei yake ni kubwa.

Lakini namfahamu binamu yangu. Anataka maji. Basi kama ni maji, kwa mara ya kwanza achukue mfumo uliofungwa kiwandani, ambao kimiminika kimeshajazwa na hakuna mahali pa kumiminia. Nyumbani kwenye mtoto mdogo hilo halina mjadala. Hakuna chupa ya akiba, hakuna kumwagika mezani, hakuna "nimeweka pale dirishani kidogo."

Rejeta iwe ya milimita 240, yenye feni mbili, na apime boksi lake kwa rula kabla ya kutuma hela, maana boksi nyingi za zamani hazina nafasi hiyo. Amuulize muuzaji kama vishikizo vinaingia kwenye aina ya prosesa yake, kwa jina na namba. Akifunga, pampu isiwe ndiyo iliyo juu kuliko vyote. Sehemu ya juu ya rejeta iwe juu yake, ili mapovu ya hewa yakae huko na yasiingie kwenye pampu.

Asinunue wa mtumba, hata akipewa nusu bei. Kimiminika hupungua polepole kupitia kwenye mipira, na pampu iliyokwisha kuchoka haionekani kwa macho. Udhamini ausome: dukani Kariakoo unaweza kuwa mzuri, ila kifaa kikifa Gwarama kinasafiri kwa basi kwenda na kurudi, na harusi za watu zinasubiri.

Ile rejeta ya pikipiki? Rejeta hizo kwa kawaida ni alumini, na sahani ya prosesa ni shaba. Ukizikutanisha kwenye maji mamoja, alumini huanza kuliwa. Maji ya kisima yana madini yatakayoganda ndani. Na hata makampuni makubwa yamewahi kukwama: Apple walitoa Power Mac G5 zilizopozwa kwa maji mwaka 2004, na baadhi yake baadaye zilivuja na kuharibu mashine. Wao walikuwa na wahandisi. Binamu yangu ana bisibisi na mkasi.

Kabla umeme wa gridi ya taifa haujafika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, miji hiyo ilitegemea majenereta ya dizeli, na maswali ya namna hii hayakuwa mengi. Sasa yatakuja. Wazazi wengi hawataki kuonekana washamba mbele ya mtoto, wanakaa kimya. Shangazi aliuliza, na kwa kuuliza kwake ile chupa ikaondoka mezani.

Jana binamu amenitumia picha ya gazeti kuukuu lililojaa vumbi jekundu, rundo lake kama kikombe cha chai. Kabla ya kusafisha prosesa ilikuwa inafika nyuzi 97 akihariri. Sasa haijapita 81, na video ya harusi ya Jumamosi imekwisha bila kujizima. Kulanti imerudishwa gereji.

Chini ya picha ameandika: "Dada, hiyo 240 nitaichukua baada ya Krismasi."