Nani Amsaidie Mhadhiri Kufundisha?

Mwalimu atakayekabidhiwa darasa la kwanza katika shule ya Tanzania hutakiwa kwanza kupitia chuo cha ualimu. Huko hufundishwa namna ya kuandaa somo, hupelekwa shuleni kufanya mazoezi, na mkufunzi wake huketi nyuma ya darasa akimtazama na kuandika. Mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye ndiye atakayewafunza madaktari, wahandisi na hata walimu wenyewe, kwa kawaida hapitii hatua hizo. Huajiriwa kwa sababu alifaulu vizuri mno katika taaluma yake, na akisha kuthibitisha kwamba anaijua kemia, huchukuliwa kwamba anajua pia kuifundisha. Ni dhana ya ajabu. Lakini imekubaliwa kwa muda mrefu, na karibu kila mahali ulimwenguni, kiasi kwamba wengi hawaioni tena kuwa ni dhana.

Hapo zamani dhana hiyo haikuleta madhara makubwa. Chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Mhadhiri mwenye wanafunzi 14 huona usoni mwao kama wameelewa au la, na hata asiye na ufundi wa kufundisha husahihishwa na nyuso hizo. Hali ya leo ni tofauti kabisa. Katika masomo mengi ya mwaka wa kwanza, mamia ya vijana hukusanyika katika ukumbi mmoja, wengine wakisimama mlangoni, na mhadhiri hawezi kuona uso wa aliyeketi safu ya nyuma, sembuse kujua linalopita kichwani mwake. Hujua siku ya kusahihisha mtihani, wakati ambapo kujua hakusaidii tena.

Tatizo halitokani na uvivu wa wahadhiri. Mtu aliyeishi na somo kwa miaka 15 au 20 hufikia mahali ambapo hatua ndogo ndogo za kufikiri zimejificha ndani ya mazoea. Huruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya tano bila kuhisi kwamba ameruka, kama vile mwendesha baiskeli mzoefu asivyoweza kueleza anavyojizuia kuanguka. Jinsi anavyozidi kuwa bingwa, ndivyo anavyozidi kusahau ugumu wa kuanza.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aligundua jambo hilo mnamo 1990. Alikuwa akifundisha kwa miaka kadhaa na kusifiwa na wanafunzi wake. Alipowapa jaribio jepesi la maswali ya fizikia ya kawaida yasiyohitaji hesabu, la aina iliyobuniwa na David Hestenes na wenzake katika jimbo la Arizona, mwanafunzi mmoja alimwuliza kama ajibu kwa namna alivyofundishwa au kwa namna yeye mwenyewe anavyoyafikiri mambo hayo. Swali hilo lilifichua kila kitu. Katika maswali ya namna hiyo huulizwa, mathalani, lori kubwa likigongana na gari dogo, ni lipi hulisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi. Wengi hujibu kwamba ni lori, ilhali kanuni ya tatu ya Newton, waliyokwisha kuikariri na kuipatia alama, husema kwamba kani hizo ni sawa. Kanuni ilikuwa imewekwa katika daftari. Fikra za awali zilibaki kichwani bila kuguswa.

Mazur alibadili mwendo. Alianza kukatiza mhadhara wake kwa swali moja, kila mwanafunzi achague jibu, kisha wageukiane wawili wawili au watatu watatu na kubishana, halafu wachague tena. Si yeye peke yake aliyejaribu njia za namna hiyo. Mwaka 1998 Richard Hake alichapisha matokeo ya kozi 62 za fizikia zenye wanafunzi 6,542: waliosikiliza mihadhara ya kawaida walipata kujua takriban robo tu ya yale ambayo hawakuyajua mwanzoni, na waliofundishwa kwa kushirikishwa walikaribia nusu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwa wastani, wanafunzi wapatao 34 katika kila 100 walifeli chini ya mhadhara mtupu, na 22 katika kila 100 waliposhirikishwa. Tofauti ya watu 12 katika kila 100 si jambo la kupuuzwa na taifa ambalo bado linahesabu wahandisi wake.

Kwa Afrika ya Mashariki njia hii ina faida nyingine ambayo tafiti za Marekani haziwezi kuiona. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza. Lakini wanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma wanapoambiwa wageukiane na kubishana kuhusu lori na gari dogo, aghalabu hubishana kwa Kiswahili, na hapo mawazo yao halisi, pamoja na makosa yake, hutoka nje. Dakika tatu za mabishano huifungulia lugha ya kufikiria mlango katika ukumbi ambamo kwa kawaida hunyamazishwa. Mhadhiri apitaye katikati ya safu akisikiliza hupata habari ambazo karatasi ya mtihani haitampa kamwe.

Basi kwa nini njia hizi hazijaenea? Jibu la haraka ni uhaba wa fedha na vifaa, na si jibu la uongo, lakini halitoshi. Swali zuri la kukatiza mhadhara haligharimu kitu isipokuwa muda na akili, nalo ni gumu kulitunga kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Mhadhiri mwenye mizigo ya kufundisha, kusahihisha na kuandika makala za utafiti ambazo ndizo zitakazompandisha cheo hana wa kumshika mkono. Huenda akahudhuria semina ya siku tano, akarudi na cheti na jalada la makaratasi, na Jumatatu akajikuta peke yake mbele ya ukumbi ule ule. Baada ya majuma matatu amerudia alivyofundishwa na mhadhiri wake, naye alivyofundishwa na wake.

Vyuo vingine vililiona pengo hili mapema. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha mwaka 1962, yaani mwaka mmoja tu baada ya chuo cha Dar es Salaam kuzaliwa, kituo cha utafiti wa kujifunza na kufundisha, cha kwanza cha aina yake Marekani. Baadaye vituo kama hivyo vilienea katika nchi nyingi. Huduma moja inayotolewa na vituo hivyo inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ni rahisi na haihitaji hata umeme. Katikati ya muhula, mhadhiri humwalika mshauri wa kituo darasani, kisha yeye mwenyewe hutoka nje. Mshauri huwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo na kuwauliza ni nini kinachowasaidia kujifunza, ni nini kinachowazuia, na ni mabadiliko gani yangefaa. Hukusanya majibu yale ambayo wengi wameafikiana, akamwendea mhadhiri na kuzungumza naye faraghani. Hakuna nakala inayokwenda kwa mkuu wa idara, wala hakuna alama inayoandikwa katika jalada la mtumishi. Usiri huo ndio roho ya kazi yenyewe. Mara mshauri atakapogeuka kuwa mkaguzi, hakuna atakayemfungulia mlango.

Mfano wenye mafunzo zaidi unatoka Kanada. Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, aliacha kwa kiasi kikubwa maabara yake na kugeukia ufundishaji, kwanza katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2006, kisha katika Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver mwaka 2007. Fedha za mradi wake hazikwenda hasa katika majengo wala mashine. Ziliajiri wataalamu vijana, wengi wao wenye shahada ya uzamivu katika fizikia, biolojia, kemia na kadhalika, ambao waliongezewa elimu ya jinsi watu wanavyojifunza, kisha wakawekwa ndani ya idara za sayansi zenyewe. Walikaa na mhadhiri wakati wa kutunga maswali, walihudhuria darasa lake, walisoma pamoja naye majibu ya wanafunzi. Hawakuwa wageni kutoka kitivo cha elimu waliokuja kumfundisha mwanakemia kazi yake, walikuwa wanakemia.

Matokeo ya jaribio moja la huko yalichapishwa mwaka 2011. Makundi mawili ya wanafunzi wapatao 270 kila moja yalisoma mada moja ya mawimbi ya sumaku-umeme kwa juma moja. Kundi la kwanza lilifundishwa na profesa mzoefu mwenye sifa nzuri. La pili na kijana asiye na uzoefu mkubwa wa kufundisha, lakini aliyefunzwa njia mpya na kuandaliwa vema. Katika jaribio la mwisho kundi la profesa lilipata wastani wa alama 41 kwa 100, na lile la pili 74. Juma moja ni muda mfupi, na wapo waliolikosoa jaribio hilo kwa haki. Hata hivyo tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa bahati peke yake.

Mhadhiri hahitaji mshauri wa ufundishaji peke yake. Yupo fundi sanifu wa maabara, ambaye mchango wake katika elimu ya juu huthaminiwa pale tu anapokosekana. Yeye ndiye ajuaye bureti ipi inavuja, kemikali ipi imekwisha nguvu, na jinsi ya kuandaa onyesho la dakika mbili litakalobaki katika kumbukumbu za wanafunzi kwa miaka 20. Anapostaafu na nafasi yake isijazwe, zoezi la vitendo hugeuka kuwa zoezi la kunakili matokeo ya mwaka uliopita. Yupo pia mkutubi. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwezi Novemba 2018, ilijengwa iweze kupokea wasomaji wapatao 2,100 kwa wakati mmoja na kuhifadhi vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia. Lakini viti hivyo hufaidi ufundishaji pale ambapo mkutubi na mhadhiri wameketi pamoja kabla ya muhula kuanza, wakaamua mwanafunzi asome nini, atakipata wapi, na atakapokisoma atafanya nacho nini. Bila ya kikao hicho, maktaba huwa mahali pa kupitia madaftari yale yale ya mhadhara, penye kivuli na utulivu.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Husemwa kwamba wanafunzi wenyewe huupenda mhadhara mtulivu uliopangika, na ni kweli. Utafiti uliochapishwa na Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia walioshirikishwa walijifunza zaidi, lakini walijihisi kuwa wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza tu. Jasho la kufikiri walilidhania kuwa ni dalili ya kutoelewa. Hatari yake ni dhahiri: mahali ambapo mhadhiri hupimwa kwa dodoso la wanafunzi mwisho wa muhula, aliyefundisha vizuri zaidi aweza kupata alama mbaya zaidi. Hii si hoja ya kurudi nyuma. Ni hoja ya kuwapo mtu ambaye atawaeleza wanafunzi mapema sababu za jasho hilo, na atakayeweza kumwonyesha mkuu wa idara ushahidi mwingine zaidi ya dodoso, mhadhiri mwenyewe akiridhia.

Tanzania haianzi na mikono mitupu. Mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 mwaka 2021, ulilenga kujenga maabara na kumbi na kuwasomesha wahadhiri. Mpango wa PedaL, wenye makao Nairobi, umewakutanisha wahadhiri wa vyuo mbalimbali vya Afrika kujifunza njia za kufundisha. Kinachokosekana katika idara nyingi ni mtu anayebaki baada ya semina kufungwa na utepe kukatwa. Nafasi yake iwe ya kudumu, iwe na jina katika muundo wa utumishi na ngazi za kupanda, isije ikawa adhabu kwa aliyeshindwa kuandika makala. Ianzie pale penye wanafunzi wengi na wanaofeli wengi, yaani fizikia, kemia na hisabati za mwaka wa kwanza, mtu mmoja kwa kila idara. Aripoti kazini mwezi mmoja kabla ya muhula kufunguliwa, apewe ratiba ya mwaka wa kwanza na karatasi za mitihani ya miaka mitatu iliyopita, na meza yake iwekwe karibu na chumba cha fundi sanifu.